Kupata picha ya fezi kwa hadubini ya kawaida: maji ya Ziwa Tanganyika, kondensa na waveOrder

Chukua tone la maji ya ziwa hapa Kigoma, tuseme mbele kidogo ya mwalo wa Kibirizi, liweke kwenye slaidi bila rangi yoyote, kisha lifokasi vizuri kwa objektivu ya 40. Mwani wenye rangi yake utaonekana. Bakteria, viflajeleti vidogo na kila kilicho chembamba kisicho na rangi vinafifia hadi kupotea pale pale fokasi inapokuwa kali kuliko kote. Zungusha skrubu ndogo kidogo upande mmoja, vinajitokeza vikiwa na kiini cheusi. Zungusha upande wa pili, kiini kinageuka cheupe. Watu wa maabara wanalijua hili kwa mazoea. Wanalitumia kutafuta kitu kwenye slaidi, halafu wanarudi kwenye fokasi na kukipoteza tena.

Seli isiyo na rangi haimezi mwanga, inauchelewesha tu. Treni ya reli ya kati ikipunguza mwendo kwenye kipande fulani kati ya Tabora na Kigoma, abiria wote wanafika, ila saa zimesogea. Kamera inahesabu abiria, haisomi saa. Huko kuchelewa ndiko kunakoitwa fezi, na ukubwa wake unapigiwa hesabu bila shida: tofauti ya kipimo cha mpindo (namba inayosema kitu kinaupunguzia mwanga kasi kiasi gani) kati ya seli na maji, mara unene wa seli. Maji yana 1.333, ute wa seli uko kati ya 1.36 na 1.38. Seli yenye unene wa mikromita 5 na tofauti ya 0.03 inauchelewesha mwanga kwa nanomita 150, zaidi ya robo ya wimbi la kijani la nanomita 530. Bakteria wa unene wa mikromita 1 hafikishi hata nanomita 50. Ni kidogo, lakini kinapimika.

Frits Zernike alilitatua tatizo hili kwa vioo katika miaka ya 1930, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953. Hadubini za njia yake zinahitaji objektivu maalumu na pete ndani ya kondensa (lenzi ya chini ya meza inayoelekeza mwanga kwenye sampuli), zinaacha mwanga mweupe kuzunguka kila seli, na hazikupi namba. Njia ninayoiandika hapa haihitaji kioo kipya. Unapiga picha kadhaa za eneo lilelile kwa fokasi tofauti, juu na chini ya sampuli, na kompyuta inatumia namna utofauti wa weusi na weupe unavyogeuka kutoka tabaka hadi tabaka kukokotoa fezi ya kila nukta.

Programu ninayoitegemea ni waveOrder, iliyoandikwa kwa Python katika taasisi ya Chan Zuckerberg Biohub, San Francisco. Ni programu huria yenye leseni ya BSD: unaipakua, unausoma msimbo wake, unaibadilisha, na hulipi. Mafunzo ya nyuma kidogo utayakuta yanataja recOrder. Ni kazi ya maabara ileile, na hesabu za ndani ni hizihizi. Picha zenyewe zinapigwa kwa Micro-Manager, inayoendesha kamera na mota na iliyojengwa juu ya ImageJ, programu ya kupima picha. Matokeo unayatazama kwenye napari, programu ya kutazama picha za tabaka, au kwenye Fiji, ambayo ni ImageJ yenye nyongeza, kama laptopu ni ya zamani na kadi yake ya picha inagoma kuifungua napari.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye kazi hii programu ndiyo sehemu rahisi. Ukiipa rundo zuri la picha haikuangushi. Kinachoamua matokeo ni kondensa, slaidi, na jinsi fokasi inavyosogezwa. Kompyuta inarudisha kile tu ambacho lenzi imekipitisha, na watu wengi wanabadilisha namba za programu siku nzima wakati kosa liko kwenye kijiti cha diafragimu, tundu la kupanua na kubana mwanga, chini ya meza ya hadubini.

Slaidi kwanza

Ukichota kwa chandarua cha planktoni, matundu ya mikromita 20 yanatosha kukusanya mwani, lakini kumbuka kwamba vidogo kuliko hapo vimepita. Kwa hao, chota maji yenyewe kwenye chupa, usiijaze hadi juu, iweke kivulini, na uifanyie kazi siku hiyohiyo. Usitie Lugol, ile dawa ya iodini ya kuhifadhia sampuli, kwenye sampuli ya fezi. Iodini inazigeuza seli kahawia, zinaanza kumeza mwanga, na dhana ambayo hesabu imejengwa juu yake, kwamba sampuli ni angavu, inavunjika. Kama unahitaji pia kuhesabu spishi, gawa chupa mbili: moja ya Lugol, moja hai.

Unene wa maji kwenye slaidi unaamua mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Mikrolita 10 chini ya kavaslipu ya milimita 22 kwa 22 zinatoa tabaka la mikromita 20 hivi. Mikrolita 20 zinatoa 40, na hapo seli zinaelea katika kina tofauti, kila moja ikimwaga kivuli chake juu ya nyingine. Kama hakuna pipeti ndogo, tumia bomba la sindano la insulini la mililita 1 lenye alama 100: alama moja ni mikrolita 10. Kavaslipu iwe ya unene wa milimita 0.17 na uhakikishe umechukua moja, maana kwenye unyevu zinashikana mbilimbili na objektivu ya 40 inakataa kutoa picha kali bila wewe kujua sababu.

Ziba kingo kwa mafuta ya mgando, mstari mwembamba kwa ncha ya kijiti cha meno. Rangi ya kucha inaziba vizuri zaidi, lakini mvuke wake unaua seli zilizo karibu na ukingo. Bila kuziba, joto la Kigoma linakausha kingo kwa haraka, maji yanaanza kutiririka chini ya kavaslipu, na seli ambayo ilikuwa katikati ya picha ya kwanza itakuwa imehama kabla hujafika picha ya kumi. Baada ya kuziba subiri dakika tatu hadi tano mtiririko utulie. Viumbe vinavyoogelea achana navyo kabisa. Njia hii inataka kitu kikae pale pale tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, na siliati mmoja anayepita katikati anaacha michirizi kwenye eneo zima alilopita. Daiatomu aina ya Nitzschia, ambazo ziwani humu zipo, ni mwanzo mzuri: zina kuta za silika, nyingi zinatulia zenyewe, na umbo lake unalijua kwa hiyo utagundua upesi kama picha imekosewa.

Kondensa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Ubavuni mwa kila objektivu kuna namba mbili, kwa mfano 10/0.25 au 40/0.65. Ya pili ni NA, inayosema lenzi inapokea mwanga wa pembe pana kiasi gani. Mwanga unaotoka kwenye kondensa nao una NA yake, na hiyo unaipanga wewe kwa diafragimu, yale majani ya chuma yanayofungwa na kufunguliwa kwa kijiti. Ukifungua mpaka NA ya mwanga ilingane na ya objektivu, fezi inafutika: utofauti unaoletwa na mwanga wa upande mmoja unafutwa na ule wa upande wa pili, na rundo lako lote litakuwa kijivu hata usogeze fokasi namna gani. Ukifunga mpaka libaki tundu dogo, utofauti unakuwa mkali mno na unapendeza machoni, lakini kila chembe ya vumbi inazungukwa na pete, undani unapungua, na vitu vilivyo juu na chini ya tabaka unalolitaka vinaingia vyote kwenye picha. Pazuri ni nusu ya NA ya objektivu, au juu kidogo ya nusu.

Usiamini alama zilizochorwa kwenye kondensa. Pima. Fokasi sampuli, kisha toa lenzi ya jicho na uchungulie ndani ya bomba. Utaona duara la mwanga: huo ni mdomo wa nyuma wa objektivu. Ukiwa unachungulia, funga diafragimu taratibu mpaka uone kingo zake zikiingia ndani ya duara. Weka kamera ya simu juu ya bomba, piga picha moja diafragimu ikiwa wazi kabisa na nyingine ikiwa pale unapotaka kufanyia kazi, kisha pima vipenyo viwili kwenye Fiji. Uwiano wake mara NA ya objektivu ndiyo NA ya mwanga wako. Kipenyo kikiwa nusu, kwa objektivu ya 0.65 unapata 0.33. Andika namba hiyo mahali, maana programu itakuuliza, na ukiidanganya itakupa picha laini isiyo ya kweli bila kulalamika.

Kwenye picha hiyohiyo ya simu angalia kama duara dogo liko katikati ya kubwa. Likiwa pembeni, mwanga unaingia kwa mshazari, na kila seli itatoka na upande mmoja mweupe na mwingine mweusi kama kitu kilichochongwa. Wapo wanaoipenda picha ya hivyo, lakini kwa hesabu hii ni kosa. Sogeza kondensa kwa skrubu zake mbili za pembeni mpaka maduara yashirikiane kitovu. Hadubini nyingi za shule hazina skrubu hizo. Hapo legeza kondensa kwenye kishikio chake na uipange kwa mkono.

Kama hadubini ina diafragimu ya pili kwenye taa, ifunge, panda na ushuke na kondensa mpaka kingo zake zionekane kali pamoja na sampuli, zilete katikati, kisha ifungue mpaka zitoke tu nje ya eneo unaloliona. Kama haina, pandisha kondensa karibu na slaidi na uweke kipande cha karatasi ya tresingi juu ya taa ili sura ya LED isijichore kwenye picha.

Mwanga uwe wa kijani. Taa nyeupe ina mawimbi mengi, kila moja linatoa pete za upana wake, na yote yakichanganyika undani unapungua. Kioo cha kijani kinachokuja na hadubini nyingi kinafaa. Ukiwa na kamera ya rangi, kutumia chaneli ya kijani peke yake kunafanya kazi karibu hiyohiyo.

Kamera na umeme wake

Undani mdogo kabisa unaoweza kupatikana ni wimbi la mwanga gawanya kwa jumla ya NA mbili. Kwa mfano wetu, 0.53 gawanya kwa 0.98, unapata mikromita 0.54. Pikseli moja ikirudishwa kwenye sampuli isizidi nusu ya hapo, yaani 0.27. Kamera ya Raspberry Pi HQ ina pikseli za mikromita 1.55, ikiwa nyuma ya objektivu ya 40 na adapta ya 0.5, kila pikseli inafunika mikromita 0.0775. Kwa kuwa ni kamera ya rangi, ukichukua pikseli moja ya kijani katika kila kundi la nne unabaki na hatua ya 0.155. Bado uko salama.

Hesabu hiyo ni ya karatasi tu; ukubwa halisi upime. Kama huna slaidi ya kupimia, chemba ya Neubauer ya kuhesabia seli ipo karibu kila maabara ya hospitali, na miraba yake midogo kabisa ina upande wa mikromita 50. Piga picha, hesabu pikseli za mraba, gawanya.

Zima kila kitu ambacho kamera inajiamulia yenyewe: mwangaza, uwiano wa rangi, kunoa picha, kupunguza chenga. Kamera ikibadilisha mwangaza kati ya tabaka na tabaka, hesabu inasoma badiliko hilo kana kwamba limetoka kwenye seli. Usihifadhi kwa JPEG hata kidogo. Mgandamizo wake unakata picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, na fezi itakutolea miraba hiyo waziwazi. TIFF ya biti 12 au 16 ndiyo inayotakiwa. Ikiwa kamera yako ni ya lenzi ya jicho inayotoa biti 8 tu, piga picha 16 katika kila tabaka na uchukue wastani; chenga zinapungua mara nne.

Michirizi ya mlalo inayotembea kwenye picha ni taa inayopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera inayosoma mstari baada ya mstari inalinasa hilo. Weka muda wa kupiga picha uwe milisekunde 10, 20 au 40. Afadhali zaidi, iwashe LED kwa betri au pawabenki kupitia rezista, bila kile kifaa cha kupunguzia mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka. Betri inakusaidia pia umeme unapokatika katikati ya rundo, kwa sababu rundo lililokatika haliungwi. Tabaka zilizopigwa baadaye zina mwanga mwingine na slaidi imeshasogea.

Kusogeza fokasi

Swali la kwanza ni hatua iwe kubwa kiasi gani. Kwa sampuli ya maji na mwanga wa kijani, hatua ndani ya sampuli isizidi mikromita 1.5 kwa objektivu ya 0.65, mikromita 4 kwa ile ya 20/0.40, na mikromita 11 kwa ya 10/0.25. Sasa tazama skrubu yako. Kwenye hadubini nyingi za kufundishia mgawanyo mmoja wa skrubu ndogo ni mikromita 2, kwingine ni 2.5 au 1. Soma kijitabu chake. Maana yake ni kwamba kwa 10 na 20 unaweza kufanya kazi nzima kwa mkono, na ningemshauri yeyote aanze na 10. Kwa 40 mkono hautoshi.

Kuna jambo linalowapita wengi: objektivu ni kavu na sampuli iko ndani ya maji, kwa hiyo ukisogeza meza mikromita 1, fokasi ndani ya sampuli inasogea kama 1.33, na zaidi ya hapo kwa miale ya pembeni. Kwa 40, sogeza meza kwa mikromita 0.5 hadi 1, na kwenye programu andika hatua ya ndani ya sampuli, si ya meza.

Mota inayofaa na inayopatikana ni 28BYJ-48 ya volti 5 pamoja na bodi yake ya ULN2003, ileile inayotumika kwenye hadubini huria ya OpenFlexure, mradi uliokuzwa katika Chuo Kikuu cha Bath ambao Taasisi ya Afya ya Ifakara ilishiriki. Mzunguko mmoja wa mota hiyo ni takriban hatua 2,048. Ukiifunga kwenye skrubu ambayo mzunguko wake ni mikromita 200, hatua moja ni kama mikromita 0.1, kwa hiyo hatua 10 ni mikromita 1. Gia zake zimelegea kwa asili, na ndiyo maana lazima usogee upande mmoja tu: shuka chini kupita mahali pa kuanzia, panda kuja mwanzoni, kisha endelea kupanda hadi mwisho. Ukigeuza njiani, hatua kadhaa za mwanzo mota inazunguka na meza haisogei, na tabaka tatu nne za kwanza zitakuwa picha ileile. Utajua hilo kwa kuzipitisha kwenye Fiji kwa haraka: mwendo unasimama, kisha unaruka.

Tabaka 21 zinatosha kwa slaidi ya mikromita 20. Fokasi iliyo kali iwe katikati ya rundo, si mwanzoni.

Kuifikisha programu kwenye laptopu

Kinachokula bando si waveOrder, ni PyTorch, maktaba ya hesabu iliyo chini yake. Kwenye Linux, ukiiacha pip ijichagulie, itashusha toleo lenye vifaa vya kadi za NVIDIA, gigabaiti kadhaa usizozihitaji. Anza na toleo la prosesa ya kawaida:

pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu
pip install waveorder

Kama mko wengi na intaneti iko kwa mmoja, yeye ashushe kwa pip download kwenda kwenye flashi, na wengine wasakinishe kwa pip install --no-index --find-links ikifuatiwa na jina la folda. Hiyo inafanya kazi pale tu mfumo wa kompyuta na toleo la Python vinapofanana kwa wote.

Kumbukumbu ya laptopu ndiyo kikwazo cha pili. Rundo la tabaka 21 za pikseli 2048 kwa 2048 linachukua megabaiti 350 hivi likigeuzwa namba za desimali, hesabu ya Fourier, inayoigawa picha katika mawimbi, inaongeza maradufu, na nakala kadhaa zinakaa kwa pamoja. Laptopu ya gigabaiti 8 inaweza kuganda. Kata kipande cha 1024 kwa 1024. Kinachukua robo ya nafasi na kinatosha kujifunzia.

Kabla ya hesabu, gawanya kila tabaka kwa wastani wake ili mabadiliko ya taa yafutike, na gawanya pia kwa picha ya sehemu tupu ya slaidi hiyohiyo ili madoa ya vumbi kwenye kamera yasigeuke kuwa seli.

Vipimo vyote viandikwe kwa mikromita. Wimbi ni 0.53, si 530. Kosa hilo peke yake linatosha kukupa picha tupu. Weka ukubwa wa pikseli uliopima, hatua ya tabaka, NA mbili, na 1.33 ya maji. Halafu kuna chaguo la kupata tokeo la tabaka moja au la pande tatu. Kitu chembamba kuliko mikromita 2 kwa objektivu ya 40 kinafaa tokeo la tabaka moja. Zaidi ya hapo chagua pande tatu, na hapo weka z_padding kama 5. Hesabu ya Fourier inalichukulia rundo kana kwamba juu yake imeungana na chini yake, na bila nafasi hiyo ya ziada seli iliyo juu kabisa inatoa mzuka kwenye tabaka la chini.

Namba ya kuchezea ni regularization_strength, inayoamua programu ilainishe matokeo kiasi gani. Anza na 0.001. Ukiishusha mara kumi, undani unaongezeka lakini chenga zinakua nazo, na usuli unajaa mawimbi mapana kama mawingu. Ukiipandisha mara kumi, mawingu yanatulia na picha inakuwa laini mpaka kuta za daiatomu zinaungana. Jaribu tatu, ziweke kando kwa kando kwenye napari kwa mizani ileile ya mwangaza, na chagua ile ambayo usuli ni tulivu na kuta bado zimetengana. Ukishachagua, tumia namba hiyohiyo kwa sampuli zote za siku hiyo, la sivyo huwezi kuzilinganisha.

Angalia alama ya fezi. Seli na silika vina kipimo cha mpindo kikubwa kuliko maji, kwa hiyo viwe vyeupe. Kiputo cha hewa kiwe cheusi. Ikiwa ni kinyume, rundo limepangwa kutoka chini kwenda juu wakati programu inalisoma kutoka juu kwenda chini. Geuza mpangilio, au washa invert_phase_contrast.

Nusu duara la karatasi nyeusi

Ipo njia ya pili isiyohitaji kusogeza fokasi kabisa. Kata karatasi ngumu nyeusi iwe nusu duara, iweke kwenye kishikio cha vioo vya rangi chini ya kondensa, piga picha. Izungushe ifunike kushoto, kulia, juu, chini. Picha nne. Chukua kushoto toa kulia, gawanya kwa jumla yake, na unapata mteremko wa fezi kwa upande huo. Mhimili mmoja hautoshi, kwa kuwa mistari inayolala sambamba na mteremko huo haionekani, ndiyo maana kuna jozi ya juu na chini. Lei Tian na Laura Waller waliionyesha kwa taa za LED mwaka 2015, na maabara ya Waller kule Berkeley imeiweka wazi programu yake ya Python ya kugeuza picha hizo nne kuwa fezi.

Hapa kondensa inapangwa kinyume na nilivyoeleza juu: fungua diafragimu mpaka mwanga ujaze mdomo wote wa objektivu, NA sawa na NA. Ukichungulia kwenye bomba uone nusu mwezi safi, yenye ukingo ulionyooka unaopita katikati. Ukiiacha diafragimu kwenye nusu kama ulivyoizoea, maumbo mapana yanapotea. Kishikio cha vioo hakiko hasa pale diafragimu ilipo, kwa hiyo pembeni mwa picha mwanga hautakuwa sawa; tumia katikati tu. Kwa 10/0.25 njia hii inatoka vizuri sana, na kwa darasa la sekondari au chuo lisilo na mota ningeichagua kabla ya ile ya rundo.

Namba ambazo picha hizi haziwezi kukupa

Kwa nadharia, fezi inageuka kuwa uzito mkavu wa seli, kwa sababu kila gramu ya protini ndani ya mililita inapandisha kipimo cha mpindo kwa kama 0.18 hadi 0.2. Ukijumlisha fezi ya eneo la seli unapata pikogramu zake. Lakini rundo la fokasi ni dhaifu mno kwenye maumbo mapana, na regularization inayapunguza zaidi, kwa hiyo katikati ya seli kubwa fezi inazama na uzito unatoka mdogo kuliko ulivyo. Usitangaze pikogramu mpaka uwe umepima kitu unachokijua, mfano shanga za polistireni za mikromita 1 zikiwa ndani ya mafuta ya objektivu: 1.59 toa 1.515, kuchelewa kwa nanomita 75 katikati ya shanga. Hapo usisahau kubadilisha ile 1.33 kuwa 1.515. Shanga ni ndogo, kwa hiyo zikitoka sawa zimethibitisha upande wa maumbo madogo tu.

Kwa malaria, rangi ya Giemsa ibaki palepale ilipo, na mayai ya kichocho cha tumbo yaendelee kutafutwa kwenye choo kwa njia ya Kato-Katz. Fezi inaonyesha umbo na uzito, haijui molekuli. Vilevile kuna mifumo ya kompyuta inayokisia rangi juu ya picha ya fezi, kama VisCy ya Biohub hiyohiyo. Imefundishwa kwa seli za maabara, na kuielekeza kwenye planktoni ya Tanganyika bila kuifundisha upya ni kutengeneza picha za kupendeza zisizo na ushahidi.

Ndani ya kila folda ya rundo weka faili dogo la maandishi: tarehe na mahali pa kuchota, objektivu, NA ya mwanga uliyoipima pamoja na picha ile ya simu, pikseli, hatua ya meza na hatua ya ndani ya sampuli, upande fokasi ilikosogea, muda wa kamera, na namba ya regularization. Picha za asili usizifute hata nafasi ikibana. Rundo la 1024 kwa 1024 lenye tabaka 21 kwa biti 16 ni megabaiti 44 tu, na toleo jipya la programu likitoka utalihesabu upya kutoka hapo.